Kitanda cha Upande wa Dirisha

Begi lilikuwa jekundu, la magurudumu, na lilikuwa la bure. Naanza nalo kwa sababu bila lile begi nisingekanyaga kwenye ile hoteli ya karibu na Liuhua, huko Guangzhou, China, nisingekula wali wao wa kukaanga, wala nisingetia saini yangu kwenye lile rundo la karatasi ambazo nadhani hata aliyezichapa hakuzisoma. Mwaka elfu mbili na nne hakuna nilichokitamani kuliko begi la magurudumu. Mfanyabiashara aliyerudi nyumbani na mifuko ya nailoni, watu wa Tanga walimwangalia kama mtu ambaye bado anajaribu.

Mimi na mume wangu tulikuwa na ofisi ndogo kwenye jengo la Tianxiu, meza mbili na sampuli za viatu hadi darini. Yeye alijua biashara, mimi nilijua Kichina. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nyumbani nilipopata ufadhili wa kusoma lugha Guangzhou, nikaondoka nikamwacha binti yetu wa miaka mitano kwa mama yangu. Nilirudi mara moja kujifungua mtoto wa pili, wa kiume. Alipofikisha mwaka nikamwacha na yeye kwa mama. Tulisema ni kwa miezi sita. Kila mtu pale Tianxiu alisema ni kwa miezi sita, na wengine wamezikwa huko huko.

Waliotualika kwenye ile hoteli walikuwa klabu ya likizo, na begi lilikuwa zawadi ya anayefika kuwasikiliza. Mpango wao ulikuwa hivi: unalipa mara moja fedha nyingi, halafu ada kidogo kila mwaka, nao wanakupa pointi. Pointi unazibadilisha kwa wiki ya kulala kwenye nyumba zao za ufukweni, Hainan au Thailand. Nyumba si yako, wiki ndiyo yako. Pointi usizozitumia ndani ya miaka mitatu zinakufa. Mtu akisaini wanagonga kengele na ukumbi mzima unapiga makofi. Mume wangu alipenda sana yale makofi. Pasi yake ilikuwa imepelekwa kuongezewa visa, kwa hiyo mkataba ukaandikwa kwa pasi yangu na jina langu. Tulitoka na begi, na njia nzima alilivuta yeye, akinieleza kwamba sasa na sisi tumekuwa watu wa likizo.

Watu wa likizo hatukulala hata usiku mmoja kwenye zile nyumba. Kila tulipopanga wiki, kontena liliingilia. Miaka mitatu nililipa ada, na mume wangu akaendelea kuwaambia wateja kutoka nyumbani kwamba tuna nyumba ufukweni.

Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na saba klabu wakatuandikia. Pointi zetu za kwanza zingekufa mwisho wa Juni. Lakini tukiziunganisha za miaka yote mitatu, zinatosha kulipia safari ya meli ya kitalii, siku nne, kutoka Hong Kong hadi Vietnam na kurudi, chumba kimoja cha familia ya watu wanne. Nilisoma ile barua nikiwa nimesimama. Watu wanne ndio sisi hasa. Na Juni shule za nyumbani zinafungwa.

Mume wangu alitaka nyumba ya ufukweni. Wiki nzima, alisema, badala ya siku nne, na watoto watacheza mchangani. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini mimi nilimjua. Kwenye nyumba angetuacha asubuhi aende kuangalia kiwanda kilicho jirani, na kama hakuna kiwanda angekitafuta. Kwenye meli simu haishiki. Nilitaka watoto wangu wawe na baba yao mahali ambapo hawezi kutoka. Tulibishana wiki nzima na nikashinda, na ninakiri kwamba katika ndoa yetu ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kubishana huku nacheka.

Nikampa mwanafunzi mmoja aliyekuwa anarudi Tanga kijitabu cha picha za meli kilichokuja na ile barua, akipeleke kwa mama. Siku kilipofika nikanunua kadi ya simu na kupiga.

"Shikamoo Mama," binti yangu alisema. Alikuwa na miaka kumi. "Nimeiona meli. Mimi nalala kitanda cha juu."

Ilikuwepo picha ya chumba: vitanda viwili chini, viwili vya kushushwa kutoka darini, na kati yao dirisha la duara lenye bahari ndani yake.

"Vya juu viko viwili," nikamwambia.

"Cha upande wa dirisha. Hapo karibu na pazia. Nimeshaweka alama."

"Na mdogo wako?"

"Ataanguka huyo. Alale na wewe chini."

Mdogo wake akapewa simu. Alikuwa na miaka minne na sauti yangu aliijua kwa simu tu. "Shikamoo Anti wa China," alisema. Nyuma nikamsikia mama yangu akimkaripia, si Anti huyo, ni mama yako. Nikasema mwache tu, atanizoea kwenye meli.

Mama akawatengenezea pasi. Akanisomea namba zake kwa simu, taratibu, nikaziandika.

Sasa niseme habari ya karibu.

Kwetu mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Naye anakujibu ahsante, starehe, anapita. Sahani inaweza kuwa na matonge mawili ya wali na watoto watano wakiyakodolea macho. Karibu utaitoa tu. Asiyesema karibu hana malezi, na anayekaa kweli hana haya. Mtoto wa pwani analijua hili kabla hajajua kuhesabu. Nilipofika China nikakuta na wao wana lao linalofanana. Mwalimu wetu wa lugha alitufundisha kwamba mtu mwenye adabu akialikwa anakataa mara ya kwanza, anakataa ya pili, na ya tatu ndipo unajua kama alialikwa kweli. Nikafurahi sana siku ile. Nikajiona nimefika kwa watu wa kwetu.

Tulikuwa na bosi mmoja wa viatu. Duka lake lilikuwa kwenye soko la viatu la Zhanxi, kiwanda kilikuwa nje ya mji, na sisi tulichukua kwake viatu vya watoto. Mwaka ule alikubali jambo ambalo bosi wa Zhanxi halikubali kwa mtu mweusi asiye na dhamana: kututengenezea kontena zima la viatu vya Idi kwa malipo ya theluthi kwanza, zilizobaki tukishauza. Hakukuwa na karatasi. Alikubali kwa mdomo, kwa sababu tulimlipa vizuri miaka miwili na kwa sababu, alisema, Kichina changu kilimfanya asahau anaongea na mgeni. Tukamkaribisha chakula kwenye mgahawa wa Waislamu pale Xiaobei, yeye na mkewe, tumshukuru.

Mume wangu alikuwa amefurahi, na akifurahi mdomo wake hauna breki. Akaanza habari ya meli. Akaniambia nimtafsirie bosi kwamba watoto wetu wanakuja Juni, kwamba tutapanda meli, kwamba tunalipa kwa pointi. Bosi akasikiliza, akasema mama yake mzazi anakaa milimani, mkoani Hunan, ana miaka sabini na mbili na hajawahi kuiona bahari.

"Mwambie karibuni," mume wangu akasema, akimega mkate. "Waje nasi, mama yake na familia. Tutafurahi."

Ningeweza kuipunguza. Mkalimani ana uwezo huo na kila anayeishi kwa ukalimani anaujua. Ningesema, mume wangu anamtakia mama yako siku moja aione bahari. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa Kichina changu mara tatu jioni ile. Nikaipamba. Nikaweka yale maneno ya mwalimu wetu ya kualikia wageni wa heshima, kwamba tutajiona sisi ndio tuliotunukiwa. Kisha nikasubiri akatae mara ya kwanza.

Bosi akaweka vijiti vyake chini. Akamwangalia mkewe. Akainua glasi ya chai kwa mikono miwili.

"Hao," alisema. Sawa.

Hakukataa mara ya kwanza wala ya pili. Nimeifikiria ile hao kwa miaka mingi. Zamani nilisema hana haya. Siku hizi naona labda yeye alikuwa ametupa kontena kwa mdomo mtupu, bila karatasi, akaamini kwamba na sisi maneno yetu ya mdomoni yana uzito uleule.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye daraja la waenda kwa miguu mume wangu akasema, "Atasahau yule. Wana mambo mengi."

Siku mbili baadaye mke wa bosi akanipigia kuuliza kama melini kuna baridi, kwa kuwa bibi, mama yake bosi, ana baridi yabisi, na kama kutakuwa na maji ya moto ya kunywa. Bosi mwenyewe hatakwenda, alisema, ana kazi. Atakuja yeye, bibi, na binti yao. Watu watatu.

Chumba ni cha wanne, na sharti la klabu ni kwamba mwenye pointi awemo. Sikuhitaji kalamu kuijua hesabu hiyo.

Mkabala na ofisi yetu alikuwa na duka mama mmoja wa Lubumbashi, muuza nywele, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa anasali kwa Kifaransa na kugombana kwa Kiswahili. Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Maman, umwambie points zimekufa. C'est tout, ni basi. Nani atakwenda kuangalia?"

"Ataniona muongo."

"Weye unayua Chinois yote," akasema, "lakini kusema non, kusema hapana, njo inakushinda."

Nilichukia kwa kuwa alisema kweli. Kulikuwa na njia nyingi za kutokea. Pointi zimekufa, mtoto anaumwa, klabu wamebadilisha masharti. Kila siku nilikuwa nawasaidia wafanyabiashara wenzangu kusema uongo mwembamba kama huo Zhanxi kote, mei you, hakuna, kesho, wiki ijayo, na hakuna aliyekufa. Lakini lile kontena lilisimama juu ya uso wa bosi. Tungemvunjia heshima mbele ya mkewe na mama yake, viatu vya Idi vingebaki kuwa ngozi bandia kwenye rola huko kiwandani kwake.

"Ahadi ni deni, mama watoto," mume wangu akaniambia ofisini.

"Na deni lipi lilitangulia?"

Akasogeza sampuli ya kiatu mezani. Kisha akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi, "Watoto wapo. Watakuja mwakani. Idi ya mwaka huu haiji mwakani."

"Wewe ndiye uliyesema karibuni."

"Wewe ndiye uliyetafsiri."

Nilimchukia siku ile kwa namna ambayo haikuisha yote, kuna kipande kilibaki, na hata leo tunaishi nacho nyumbani kama kabati la urithi lisilofunguka vizuri. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema wazee. Hawakusema kwamba wa kwao wengine watakuwa na miaka minne.

Dada zangu wakiisikia hadithi hii hunitetea. Husema nililazimishwa na mume. Ningependa iwe hivyo. Jina kwenye mkataba lilikuwa langu, saini ilikuwa yangu, na nilikwenda kwenye ofisi ya klabu peke yangu, siku ya mwisho ya kupeleka fomu, na safari nzima kwenye basi nilikuwa najiambia bado sijaamua. Ile fomu nilishaijaza kwa kalamu ya risasi tangu Machi: mimi, baba yao, binti, mwana. Msichana wa mapokezi aliniazima kifutio. Nikafuta majina matatu. Jina la binti yangu nililiandika kwa kukandamiza sana na halikufutika vizuri, likabaki kama kivuli, na juu yake nikaandika la mtoto wa bosi, herufi tatu za Kichina nilizozikariri kutoka kwenye ujumbe wa simu. Msichana akasema mwandiko wangu ni mzuri.

Halafu nikapiga simu nyumbani.

"Meli imeharibika," nikamwambia binti yangu.

"Wataitengeneza lini?"

"Sijui. Mwakani labda."

"Basi waambie wasimpe mtu kitanda changu."

Nikasema nitawaambia.

Kwenye gati ya Hong Kong, kabla ya kupanda, kulikuwa na mpiga picha. Kila familia ilisimamishwa mbele ya ngazi, meli nyuma yao, tabasamu, inayofuata. Mke wa bosi alitaka tupige wote. Bibi alikuwa amevaa koti la sufu mwezi wa sita, akanishika mkono asianguke. Mtoto alisimama mbele yangu. Alikuwa na miaka tisa au kumi, nywele zimekatwa kwa usawa wa masikio, na hakuwa na kosa lolote. Mpiga picha akaashiria nimwekee mikono mabegani. Nikaweka.

Chumba hakikuwa na dirisha. Pointi zetu zilitosha chumba cha ndani tu. Kile cha kwenye picha kilikuwa cha watu wengine. Walichofanya ni kutundika pazia la buluu ukutani, ukilifunua unakuta ukuta. Nilisimama nimelishika lile pazia nikasikia nataka kucheka. Kumbe hata angekuja, mwanangu angelala kando ya ukuta.

Mhudumu wa vyumba, Mfilipino mmoja mpole, akaja kuuliza kama vitanda vya juu avishushe vyote viwili. Aliongea Kiingereza. Katika chumba kile anayejua Kiingereza nilikuwa mimi tu. Mtoto alikuwa ameshajua ni vitanda, ameinua uso anavitazama, akanyoosha kidole kile cha upande wa pazia. Akamwambia mama yake kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza kama anaweza kulala pale," mke wa bosi akaniambia.

Nikamwambia mhudumu, kwa Kiingereza, ashushe kimoja tu, hiki cha upande wa mlango, kile kingine akiache kilivyo. Kisha nikamgeukia mke wa bosi, nikamwambia kwa Kichina changu kizuri, "Anasema kile kimeharibika."

Mtoto akalala chini na bibi yake, wamebanana. Mimi nikapanda juu, upande wa mlango. Nikiinua kichwa nilikiona kile kingine kimefungwa darini, na kwa siku zote zile niliona kama nimefanya jambo la maana. Kontena nimemwachia mume wangu, safari nimeitoa, picha nimepiga, lakini kitanda cha mwanangu hakuna aliyekilalia. Ndivyo nilivyojiambia. Mtu aliyetoa ng'ombe anaweza kujisifu sana kwa kubakiza kamba.

Huko Vietnam abiria walishuka kuangalia visiwa. Pasi yangu haikukubaliwa bila visa, na bibi alisema miguu inamuuma, tukabaki naye sitahani. Aliitazama bahari kwa muda mrefu, kisha akasema ni kubwa lakini haina la kufanya. Akatoa mayai ya kuchemsha aliyotoka nayo kwake, akanimenyea moja.

"Una watoto?" akaniuliza.

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Kwa mama yangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa alichokijua. "Kama huyu wetu," alisema. "Wazazi wake walikuja huku kushona viatu alipokuwa na miezi kumi. Mimi ndiye niliyemlea. Bado hajamzoea mama yake. Ndiyo maana mwanangu alikubali haraka ulipotualika. Alisema melini hawatakuwa na pa kukimbilia, watazoeana."

Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema kwa mume wangu Tianxiu, kwa lugha nyingine, miezi mitatu nyuma.

Nakumbuka nilipowatazama wale wawili wakirudi kwa mtumbwi wa kitalii, mama na binti, wamekaa na nafasi katikati yao ya kutosha mtu wa tatu. Binti alimwita mama yake kwa sauti ya mgeni anayeomba maji. Na mimi nilijua. Ningeweza kumwita yule mhudumu jioni ile ile, neno moja tu, kimetengenezwa. Mtoto angefurahi, na angekuwa juu, mkabala na mama yake aliyelala chini, na labda wangeongea. Sikumwita. Ningesema nilisahau, lakini nililala macho wazi nikikiangalia. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka kumi kwa sababu mama yake alikuwemo chumbani.

Viatu viliwahi Idi. Watoto wa Tanga na Korogwe walivaa. Mwaka uliofuata visa zikabana, barua za mwaliko zikawa hazitoki, na pasi za wanangu zikakaa kwenye kabati la mama yangu hadi zikaisha muda bila muhuri hata mmoja. Bosi alitupa kontena mbili zaidi, kisha kiwanda chake kikahamia mikoani, na duka la Zhanxi akalichukua mtu mwingine asiyetujua. Klabu walihama ofisi bila kuaga. Mimi nilirudi nyumbani binti yangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wake aliniita Mama siku ile ile, kwa adabu, kama alivyoelekezwa.

Ile picha ya gatini mke wa bosi aliitia kwenye fremu akanizawadia. Sikuweza kuitundika, wala kuitupa. Niliiweka kwenye mfuko wa ndani wa lile begi jekundu, na humo ikakaa.

Binti yangu alipochaguliwa chuo Dodoma, aliomba begi. Nikamwambia achukue lolote. Nilikuwa jikoni aliponiita, nikamkuta amekaa kitandani ameishika fremu. Tarehe ilichapwa pembeni kwa rangi ya chungwa, kama picha za wakati ule.

"Hii si ndiyo ile meli?" akauliza. Kile kijitabu alikibandika ukutani kwa bibi yake miaka mitatu. Asingeweza kuisahau.

"Ndiyo."

"Kumbe haikuharibika."

Nikakaa. Nikamweleza yote, ile karibu, kontena, kifutio. Sikumtaja baba yake vibaya. Alisikiliza huku anakunja nguo, kanga juu ya kanga, hakunitazama.

"Na huyu ndiye aliyelala kitanda changu?"

"Hapana," nikasema, na naona haya kusema kwamba niliinua kichwa kwa fahari. Hilo jibu nililiweka miaka tisa. "Sikumruhusu. Niliwaambia kimeharibika. Hakuna aliyekilalia mpaka tunarudi."

Aliitazama tena picha, ule uso wa mtoto, mikono yangu mabegani mwake.

"Si ungemwachia tu, Mama," alisema.

Akairudisha fremu kwenye ule mfuko wa ndani, akapanga nguo juu yake. Begi likajaa kupita kiasi. Akaniomba nilikalie ili zipu ifunge, nikalikalia.